Askofu Aliyekunywa Majina

Kisa hiki alikitoa kwanza bibi yangu mzaa baba, Skolastika Chitanda, jikoni kwake Lukuledi, mwezi wa Juni mwaka 1953, tukipukuchua mahindi mapya. Nawapeni kama alivyotupa. Pale asipojua alisema hajui, nami nitasema hivyo hivyo.

Hapo kale, wajukuu zangu, kale isiyo na shahidi ila mto na mawe, kulikuwa na mji kusini mwa Misri, na katika mji huo askofu mzee, Pisenti. Kaisari alikuwa amepiga marufuku kumfuata Kristo. Watu walisali kwa kujificha, na Pisenti aliandika majina yao yote katika karatasi ya mafunjo ili awaombee mmoja mmoja.

Mjane Tebesi, mfinyanzi, alimwonya.

"Baba Askofu, majina ya watu huwekwa kichwani."

"Kichwa changu kinavuja, mama, kama vyungu vyako."

"Vyungu vyangu havivuji. Choma karatasi hiyo."

Hakuichoma. Hapo ndipo alipokosea, na bibi hakumfichia kosa lake.

Asubuhi moja askari wakaja wakigonga mlango kwa mikuki. Jiko lilikuwa limezimika, moto hakuna. Pisenti akatia maji katika bakuli alilolifinyanga Tebesi, akaiosha karatasi, wino ukatoka, maji yakawa meusi. Akayanywa. Akanywa jina la mwokaji, akanywa jina la mshona viatu, akanywa jina la Tebesi. Mlango ulipovunjika, karatasi ilikuwa tupu na midomo yake myeusi.

"Babu, hakutapika?"

Hakutapika, mjukuu wangu Damasi. Keti vizuri.

Wakampeleka kwa liwali wa Kaisari.

"Mzee, umekunywa nini?"

"Kondoo wangu, Bwana Liwali. Wachungu kidogo."

"Basi wateme. Nipe jina moja tu, uende zako nyumbani."

"Pisenti."

"Jingine."

"Mama yangu alinipa hilo moja."

Wakamfunga juani. Siku ya kwanza wakamtaka: jina moja tu. Akanyamaza. Siku ya pili wakamvunja vidole: jina moja tu. Akanyamaza. Siku ya tatu hakuweza kusema hata kama angetaka, na jioni wakamkata kichwa. Liwali akaamuru mwili uachwe ukingoni mwa mto, na yeyote atakayekuja kuuzika aandikwe jina, kisha auawe.

Sasa sikilizeni, maana hapa bibi aliweka gunzi chini. Watu wale wote waliookolewa na kimya cha mzee walijifungia ndani. Siku ya kwanza walijifungia. Siku ya pili walijifungia, na kunguru wakashuka. Siku ya tatu Tebesi akatoka na jembe.

"Jina lako?" askari wa zamu akauliza.

"Tebesi, binti Kole. Andika vizuri, mwanangu, wengi hulikosea."

"Mama, rudi nyumbani. Sijaandika bado."

"Andika. Na kama una mikono, nishikie miguu yake."

Askari hakumsaidia, wala hakumzuia. Alipomaliza kufukia, askari wakamuua palepale. Nani aliyemzika yeye? Bibi alisema hajui.

Wale wengine waliishi, wakazaa, wakazeeka. Imani haikufa katika mji ule. Lakini kila mwaka, siku ya Pisenti, hakuna karatasi iliyosomwa. Kila mtu alisimama akataja jina lake mwenyewe kwa sauti, na kabla ya yote walitaja pamoja jina la Tebesi. Walitaja wakiwa wameinamisha macho, wasitazamane.

Shikeni hili. Kimya cha Pisenti kilikuwa upendo, na kimya cha waliojifungia kilikuwa woga, na anayesikiliza kwa nje hawezi kuvitofautisha. Anajua mwenye kunyamaza.

Siku ile jikoni bibi alitutaka nasi tutaje majina yetu. Tulikuwa watano. Wanne walitaja. Mimi nilisema koo limekauka kwa vumbi la mahindi.

Kisa nimekitua; mwenye kichwa kisichovuja akibebe. Waliotajwa humo wote ni wafu. Bibi Skolastika alifariki mwaka 1961. Kati yetu sisi watano, yu hai dada yangu Eufrasia, aliyeko Newala na hasikii tena, na mimi, ambaye jina langu ni Valeriani.