Palizi ya Digidigi

Hapo zamani za kale, nyie watoto, wanyama walipokuwa bado wanalima, Digidigi alifiwa na mumewe. Akabaki yeye, nyumba na shamba la mtama.

Kule kwao walilima kwa ujima: leo wote kwangu, kesho wote kwako. Digidigi alikuwa ameshapalilia kwa Tembo, ng'ambo ya mto, na kwa Nyati, nyuma ya kilima, mpaka kwato zikachubuka. Zamu yake ikafika. Magugu yalikuwa yameufunika mtama, na bila mtama ule angekufa njaa.

Akaenda kwa Tembo. "Mzee, leo ni kwangu."

"Tuko pamoja, mwanangu," akajibu Tembo, akajigeuza ubavu wa pili.

Kwa Nyati nako: "Tuko pamoja, shemeji."

Neno hilo mnalijua. Husemwa na mtu aliyekaa. Digidigi akapalilia peke yake, kwacha, kwacha, na kila jani likitikisika aliinua kichwa. Hakuja mtu. Upweke ulimuuma kuliko jembe.

Asubuhi akarudi kwa Tembo. "Mzee, wewe pumzika tu. Nyati yuko shambani tangu alfajiri. Anasema umezeeka, jembe limekushinda."

"Nani kazeeka?" Tembo akanyakua jembe. Puu, puu, puu, huyoo!

Digidigi akapita njia ya mkato, mbio mpaka kwa Nyati. "Shemeji, usijisumbue. Tembo keshafika. Anasema una maneno mengi kuliko nguvu."

Wakatokea shambani kwa wakati mmoja, huyu mwanzo wa shamba, yule mwisho wake, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyetangulia. Kwa aibu hakuna aliyeuliza. Wakalima kwa hasira, na jua lilipofika utosini hapakuwa na gugu.

Nyati akafuta jasho. "Leo umewahi kweli, Mzee."

"Mimi? Si wewe uliyenitangulia?"

Wakamgeukia Digidigi. Alikuwa ameinjika chungu kizima cha kunde.

"Kaeni mle kwanza," akasema. "Nimewadanganya, ni kweli. Lakini ningewaita vipi tena?"

Tembo akaweka jembe begani. Nyati akatema mate. Wakaondoka, huyu huku, yule kule.

Mtama ukapona. Digidigi akapakua kunde, akala kidogo, chungu kikabaki kimejaa. Hakuwa na wa kumwambia, "Karibu chakula."

Ndiyo hivyo, wanangu: hila humleta mtu shambani, lakini haimketishi kwenye mkeka wa chakula.