Mama Mkwe wa Fisi Anaumwa Tumbo

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa bado wanavaa kanzu zilizopigwa pasi na kuazimana chumvi majirani kwa majirani, paliishi Nguchiro na mama yake. Ninyi wa huko nyuma, acheni kusukumana. Sogeeni hapa, hadithi hii ina harufu ya iliki.

Nguchiro hakuwa na mwili wa kutisha mtu. Ungemweka mezani karibu na birika la chai, wageni wangeliona birika kwanza. Lakini maneno alikuwa nayo, na miguu ilikuwa myepesi, na mama yake alimpenda kuliko kitu chochote duniani.

Mwaka huo mama alishikwa na homa katikati ya mwezi wa mfungo. Homa ikaondoka, ila mdomo ukabaki mchungu. Akiletewa uji anaonja, anarudisha kikombe. Akiletewa mchuzi wa samaki anageuza uso. Kila siku alizidi kupungua ndani ya kanga yake, na Nguchiro akawa na hofu kubwa ambayo hakumwambia mtu.

Asubuhi ya Idi mama akamwita kitandani.

"Mwanangu," akasema, "leo nimeamka natamani visheti vya Bi Twiga. Vile anavyotia iliki. Ukiniletea hivyo, nadhani nitakula."

Nguchiro alifurahi mpaka akavaa kofia kinyume. Mbio, tipu tipu tipu, huyo kwa Bi Twiga.

Bi Twiga alikuwa na desturi ya kulisha mji mzima siku ya Idi. Uani kwake hutandikwa mikeka, na kila mtu hula mpaka ashindwe kuinuka, wala hakuna anayemtazama mwenzake mdomoni. Kula ni kula tu, wanangu. Kubeba ndiko kwenye adabu zake. Hakuna aliyeruhusiwa kufunga kitu cha kwenda nacho nyumbani mpaka masinia yazunguke mikeka yote, wakubwa kwa wadogo, na Bi Twiga mwenyewe aseme, "Haya, fungeni na za nyumbani."

Fungu moja tu lilifungwa mapema, nalo ni fungu la mgonjwa. Hilo hutengwa kabla ya yote, likiwa bado la moto. Na mtu akisema nyumbani kwake kuna mgonjwa, hapaswi kuulizwa mara mbili, kwa sababu nani atafanya mzaha na ugonjwa? Zaidi ya hapo, kile ambacho mgonjwa ameshindwa kukila huliwa na waliokuja kumjulia hali, papo hapo, huku wakimwombea apone. Hakitupwi, wala hakirudishwi kwa mwenyeji.

Ilikuwa desturi nzuri sana. Basi Fisi akaiona, akaitazama huku na huku, akaona ina mlango.

Alifika mapema kuliko wote, amevaa kanzu pana kama chandarua. Nyuma yake alikuja jirani yake Kiboko, amebeba makapu mawili yaliyofunikwa kitambaa, akihema, pwaa, pwaa. Fisi akainamisha kichwa, akamweleza Bi Twiga kwa sauti ya msiba kwamba mama mkwe wake yuko kitandani. Mjomba wake naye yuko kitandani. Na kuna shangazi wa mbali ambaye hajalazwa bado, lakini dalili zimeanza.

Bi Twiga alikuwa na moyo laini, tena kichwa chake kilikuwa juu sana. Angeweza kumwona mgeni akiwa bado mtaa wa tatu, ila yanayofanyika karibu na miguu yake hakuyaona kabisa. Akasema, "Maskini! Wafungieni wagonjwa." Fisi akafunga. Sambusa, kapuni. Kaimati, kapuni. Vileja, kapuni. Visheti hakuvitia kapuni, maana hivyo ndivyo alivyovipenda kupita vyote. Hivyo alivimimina ndani ya kanzu yake, chwa!

Na Nguchiro je? Nguchiro alikuwa mlangoni na birika, anawanawisha wageni mikono, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya wadogo, na mama yake alimfundisha kuwa mtu hafiki kwenye karamu akaanza kwa kuomba. Alipomaliza kumnawisha wa mwisho, akaja kwa heshima kumwambia Bi Twiga haja yake.

Bi Twiga akashusha shingo yake yote mpaka chini, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Pole, mwanangu," akasema. "Nilidhani vitatosha. Lakini nyumbani kwa Bwana Fisi kuna wagonjwa wengi mwaka huu."

Kwenye sinia la visheti palikuwa na unga wa sukari tu. Na kwenye mikeka ya pembeni, kina Panya na kina Kobe walikuwa wamekaa wanangoja masinia ambayo hayakuwa na cha kuzunguka nacho. Walitazamana. Walijua. Lakini nani athubutu kumhoji mtu juu ya wagonjwa wake?

Nguchiro akamfuata Fisi, akamwomba visheti viwili tu vya mama yake.

"Ningekupa, mdogo wangu," Fisi akasema, huku kanzu yake ikilia kwachu kila alipojigeuza. "Lakini hivi si vyangu. Hivi ni vya wagonjwa. Utamnyang'anya mgonjwa, wewe, siku ya Idi?"

Nguchiro alisikia hasira ikimpanda mpaka masikioni. Alitaka kumng'ata mguu. Akamkumbuka mama yake alivyosema "nitakula", akameza hasira yake, akatabasamu kwa upole sana. Mkimwona Nguchiro anatabasamu hivyo, ninyi ondokeni hapo.

"Haki yako, kaka," akasema. "Kwani mama mkwe anaumwa nini?"

Fisi hakuwa amelifikiria hilo. "Tumbo," akasema.

"Na mjomba?"

"Tumbo vilevile. Ni la ukoo."

Nguchiro akamshukuru, akaenda akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa ili aonekane. Akapiga makofi. Akawaambia watu kwamba anaona haya. Sisi tunakula, tunacheka, tunakanyagana miguu, na kumbe kwa Bwana Fisi nyumba nzima imelala kitandani! Tangu lini majirani wakasikia mgonjwa siku ya Idi wasiende kumjulia hali? Twendeni sote, sasa hivi, na tusiende mikono mitupu. Kwa tumbo dawa inajulikana: mwarobaini, uliochemshwa ukakolea.

Watu wakaona ni kweli. Bi Twiga akafuta machozi, akainjika sufuria kubwa. Yeye majani ya mwarobaini hayamsumbui, huyachuma ya kileleni.

"Msijisumbue!" Fisi akasema. "Wamelala."

"Tutawaamsha taratibu," akajibu Nguchiro.

Fisi akamshika Kiboko mkono, wakapotelea kwenye njia ya mkato. Nguchiro akawafuata nyumanyuma, akaenda kukaa dirishani, nyuma ya pazia, kusikiliza. Aliyoyasikia yalimfurahisha sana.

Maana nyumba ya Fisi ilikuwa tupu. Mkewe alikuwa amekwenda kula Idi kwa huyo huyo mama mkwe, bibi mzima wa afya, anayelima mihogo peke yake milima ile ya pili. Fisi akazunguka chumba mara kadhaa. Kisha akafungua sanduku la mkewe, akatoa kanga, akajitanda gubigubi, akaruka kitandani na kanzu yake yenye visheti, akajifunika blanketi mpaka puani.

"Mimi ni mama mkwe," akasema. "Wewe ni mjomba. Lala!"

"Mimi sijui kuumwa," Kiboko akalalamika.

"Lala tu, ulegeze macho!"

Kiboko akajitupa kwenye kitanda cha pili. Kra! Miguu minne ya kitanda ikaenda pande nne, na mjomba akabaki chini. Kabla hawajasukuma makapu uvunguni, hodi hiyo mlangoni.

Waliingia kwa adabu zote, wamevua viatu, wanazungumza kwa sauti ndogo. Bi Twiga aliingiza kichwa kupitia dirishani, mwili ukabaki nje. Nguchiro, aliyekwisha kutoka pale dirishani akajiunga nao, alitangulia na kikombe.

"Bwana Fisi mwenyewe yuko wapi?" mtu akauliza.

"Amekwenda kutafuta mganga," akajibu mama mkwe kwa sauti nyembamba inayokwaruza.

"Mtu mwema," akasema Nguchiro. "Haya mama, bismillahi. Funga macho, meza."

Mwarobaini mnaujua, wanangu. Ule uchungu haukai ulimini tu, unafika mpaka kisogoni. Fisi akanywa, masikio yakasimama ndani ya kanga. Kiboko akapewa kwa bakuli, kulingana na umbo lake. Gubu gubu gubu. Machozi yakamtoka.

"Mungu awaponye," watu wakaitikia.

Kisha Nguchiro akayatazama makapu kama mtu aliyeyaona sasa hivi. Akashika kidevu. Akawauliza wenzake, kwa huzuni, ikiwa mtu mwenye tumbo la kumkata anaweza kula sambusa. Bi Kobe akasema haiwezekani, mafuta yatamuua. Na kaimati zenye shira? Panya akasema, hata kidogo. Mgonjwa wa tumbo ni uji mwepesi, bila sukari, mpaka apone.

"Basi na hiki chakula chao?" akauliza Bi Twiga kutoka dirishani.

"Desturi yetu unaijua, Bi mkubwa," akasema Nguchiro. "Mgonjwa akishindwa, waliokuja kumjulia hali ndio wanaomlia."

Wakafungua kapu la kwanza. Vileja vikaenda kwa kina Panya. Kaimati zikazunguka chumbani, na kila aliyetia moja mdomoni alisema "Mungu amponye mama." Ilikuwa dua ndefu yenye kutafuna kwingi. Fisi alitazama kwa jicho moja lililobaki nje ya blanketi, mate yakalowesha mto. Lakini alizidi kujivutia blanketi. Alikuwa na visheti vyake ndani ya kanzu, na aliona heri apoteze makapu kuliko kuvuliwa kanga mbele ya mji mzima.

Likafunguliwa kapu la pili, la sambusa. Harufu ya nyama na pilipili manga ikamfikia Kiboko pale chini. Akajizuia. Akajizuia tena. Bi Kobe alipoinua sambusa ya mwisho, mjomba akainuka na vipande vya kitanda.

"Mimi si mgonjwa! Mimi si mjomba wa mtu yeyote! Nipeni hiyo!"

Chumba kizima kikamgeukia.

"Alhamdulillahi," akasema Nguchiro. "Dawa imeshika. Mjomba amepona."

Watu wakaziba midomo kwa mikono. Lakini Nguchiro hakucheka. Makapu yalikuwa matupu, na ndani yake hakukuwa na kisheti hata kimoja. Mama yake hakutamani kaimati wala vileja. Angerudi na nini? Angemtazamaje? Akageuka, akaliangalia lile tumbo la mama mkwe chini ya blanketi, lilivyotuna huku na kule kwa pembe pembe.

"Jamani, mama bado," akasema, na safari hii sauti yake ilitetemeka kidogo. "Tazameni tumbo lilivyovimba. Tumkande."

"Sitaki kukandwa," akasema mama mkwe.

"Wagonjwa wote husema hivyo," Bi Twiga akajibu, akaingiza na mguu mmoja kupitia dirishani.

Kwato ikashuka taratibu, kwa huruma ya kweli, juu ya blanketi. Kwachu! Akakanda upande wa pili. Kwachu, kwachu! Bi Kobe akasema ameishi miaka mingi, hajapata kusikia tumbo linalosagika. Na hapo, kutoka chini ya blanketi, ikapanda harufu ya iliki, ikajaa chumba.

Bi Twiga akanusa. Hakuna mpishi asiyejua harufu ya chakula chake. Akaushika upindo wa kanga kwa meno yake, akavuta, fyuu! Pale kitandani akabaki Bwana Fisi na ndevu zake, na visheti vinamwagika kutoka mikono yote miwili ya kanzu.

Hakuna aliyemgombeza. Ingekuwa afadhali wangemgombeza. Bi Twiga alisema tu, kwa sauti ya chini, "Bwana Fisi, mwaka ujao ukiwa na mgonjwa wa kweli, tutamjuaje?"

Fisi akashuka kitandani. Akatoka nje na kanga ya mkewe shingoni, na watoto wa Panya wakamwuliza njiani mama mkwe anaendeleaje.

Nguchiro aliokota visheti vizima, akavifunga kwenye kitambaa safi. Viwili. Vilikuwepo vingi, na mkono wake ulirudi kuchukua cha tatu, tena ulikishika kabisa. Akakiona kidole cha mtoto wa Kobe kikisubiri ukingoni mwa kitanda, akampa. Vilivyobaki wakagawana wote.

Alimkuta mama yake ameketi anamsubiri. Akamfungulia kitambaa mapajani. Mama akamega kisheti, akatia mdomoni, akatafuna polepole. Nguchiro hakupumua mpaka alipomwona amemeza na kumega tena.

"Wengine walipata?" mama akauliza.

"Wote, mama."

"Hata Fisi? Yule huwa hatosheki."

"Fisi alipata dawa," akasema Nguchiro, akamsimulia kisa chote tangu kinu mpaka kanga. Mama akacheka mpaka makombo yakamruka, kicheko cha kwanza tangu homa ilipomwingia. Kisha akala kisheti cha pili, na baada ya hapo akaomba na uji.

Nami hapo nakunja mkeka wangu, nikiwaachia hili moja: ukialikwa kula, kula ushibe, ukitaka kubeba, ngoja kwanza wote wapate, na usimlaze kitandani mtu mzima wa afya kwa ajili ya tumbo lako.