Kili za Mlangoni na Ncha Zilizokatwa

Sogezeni huo ukindu pembeni, na visu viwekeni chini kwanza. Kesho ni sikukuu ya mavuno. Kila mlango hapa Kilalani utaning'inizwa kili za rangi, mikanda hii ya ukindu uliosukwa, na kila mmoja wenu atazikata ncha kwa kisu kwa sababu mama yake alizikata. Mkiulizwa kwa nini, mnajibu kuwa inapendeza. Basi sikilizeni kinachowapendeza.

Zamani milango ya mji huu haikuwa na pambo lolote, wala zawadi haikufungwa. Aliyeleta mbuzi alimvuta kwa kamba, watu wakimwona. Aliyeleta mtama aliubeba kichwani kwenye ungo, na kabla hajafika, majirani walikwishajua kama ungo umejaa au mtama umefunika chini tu. Akifika alikaa kimya. Kuisemea zawadi yako mwenyewe ilikuwa aibu isiyofutika. Mpokezi wa nyumba ndiye aliyeiinua na kuitangaza. Na kulikuwa na desturi nyingine, ngumu zaidi: bibi mzaa mama hakumshika mjukuu wake mpaka zawadi yake ya sikukuu ipokewe na ukoo wa baba. Aliyeiweka desturi hiyo sijui alizaliwa na nani, maana hakuzaliwa na mama.

Siwazuri alikuwa mjane, msuka mikeka, na mwanawe alikuwa mmoja tu, Mboni. Mboni aliolewa katika nyumba ya Bi Mwanasha, watu wa mbuzi na maghala, na mwaka huo alijifungua mtoto wa kike. Siwazuri alikwenda kumwona. Alisimamishwa mlangoni, akaonyeshwa kichwa kidogo chenye nywele laini kwenye mapaja ya mtu mwingine, akaambiwa asubiri sikukuu. Alirudi kwake mikono ikimwasha kwa hamu ya kubeba.

Mbuzi hakuwa naye, na shamba lake nguruwe walikuwa wamelimaliza. Alichokuwa nacho ni mikono ile ile. Akachagua ukindu mchanga, akauchemsha na maganda ya mkoko ukatoka mwekundu, mwingine na bizari ukatoka wa manjano, mwingine akauzika kwenye tope mpaka ukawa mweusi. Akauchana mwembamba kuliko alivyowahi kuuchana, akasuka kili, akaziunga kwa mshono usioonekana. Kiangazi kizima alisuka, macho yakimtoka machozi kwa moshi wa kuni na kwa kuinama. Ulipokwisha, ulikuwa mkeka wa mtoto, laini kiasi kwamba shavu la kichanga lisingekwaruzika.

Lakini kuubeba wazi aliona ni kujipeleka kuchekwa. Wangesema, mkeka tu. Ndipo akakumbuka jinsi alivyokuwa akimfungia Mboni karanga alipokuwa mdogo. Aliukunja mkeka ule ukawa kama kisanduku, akazikutanisha kingo zake kwa uzi mmoja mrefu wa ukindu, na ncha ya uzi akaiacha ikining'inia. Ukiivuta ncha hiyo, kisanduku kilifunguka chote, mkeka ukatandazika wenyewe. Ndani akatia majani makavu ya mgomba na gunzi moja, umbo lisibonyee njiani. Mara nyingi sana Mboni alikuwa ameivuta ncha kama ile, akicheka mpaka karanga zikamwagika.

Siku ya sikukuu alipoingia uani kwa Bi Mwanasha, watu walisogea wamtazame. Hawakuwa wamewahi kuona zawadi iliyojificha.

"Mkwe, tulidhani kwenu hamna kitu, kumbe mnatuficha!" alisema Bi Mwanasha, na safari hii alimkaribisha akae karibu.

Mpokezi alikuwa Fumo, kaka yake Bi Mwanasha. Alikigeuza kisanduku huku na huku, akakipima uzito, akakitikisa. Ndani kitu kiligonga. Watu wakaanza kubuni: huyu alisema bangili, yule akasema kauri. Siwazuri alitabasamu tu, kwa kuwa hakuruhusiwa kusema. Alimtazama Mboni. Mboni angesema, "Mjomba, vuta ncha," na yote yangekwisha vizuri.

Mboni aliijua ncha ile. Lakini alikuwa amejigamba kwa mama mkwe wake kuwa mama yake ataleta mbuzi, na sasa haoni mbuzi. Aliogopa kuwa yeye ndiye atakayeonekana ameifungua aibu kwa mkono wake. Akainamisha macho, akajifanya anatengeneza nguo ya mtoto.

"Leteni kisu," alisema Fumo.

Siwazuri alifumbua kinywa. Desturi ikakifumba. Kisu kiliingia katikati ya mkeka na kuteremka, na alizisikia kili zikikatika moja baada ya nyingine. Fumo akatumbukiza mkono, akapapasa, akainua juu alichokipata.

"Zawadi ya bibi mzaa mama," alitangaza, "gunzi!"

Ua mzima uliangua kicheko. Hicho Siwazuri angeweza kukivumilia, maana wenye maghala hucheka kwa urahisi. Lakini katikati yake alisikia kingine, kidogo, cha mkono mdomoni. Mboni naye alikuwa anacheka.

"Ukipata zawadi utarudi, mkwe," alisema Bi Mwanasha. "Mtoto hakimbii."

Siwazuri alisimama. Akaivunja desturi alipokuwa hana tena cha kupoteza. "Nilimletea mkeka," alisema, kwa sauti ndogo, na aliyemsikia ni binti yake peke yake. Kisha akatoka, mikono mitupu kama alivyokuja duniani.

Watu walipotawanyika, Mboni aliokota vile vipande vya mkeka vilivyokanyagwakanyagwa na kila mtu. Alijaribu kuviunga, vikakataa. Basi akavifunga juu ya mlango, vyekundu, vya manjano na vyeusi, ncha zake zilizokatwa zikining'inia, ili mama yake akipita kwenda kisimani ajue kuwa havikutupwa jaani.

Mama yake alipita. Aliviona. Akaona wameitundika aibu yake mlangoni ili kila mpita njia aicheke. Siku hiyo hiyo alifungasha mtungi wake na kisu chake cha kuchania ukindu, akahamia kwa ndugu zake ng'ambo ya mto, na huko akafa. Mjukuu alikuwa na watoto wake mwenyewe alipoambiwa alikuwa na bibi aliyesuka.

Majirani je? Majirani waliuona mlango umependeza, wakaiga.

Na tangu siku hiyo, watu wa Kilalani hufunga zawadi zao kwa ukindu, na hawazifungui mpaka aliyezileta aondoke. Wageni husema ni adabu. Adabu ipi? Kucheka tunacheka vile vile, ila tunangoja mgeni afike njiani. Na kila sikukuu mafundi wetu husuka kili nzuri mwezi mzima, halafu huzitia kisu, zifanane na zile alizozikata Fumo.

Haya, okoteni visu vyenu. Jua linakwenda, na milango bado haijapambwa.