Sikio Lililomshinda Hakimu Fisi

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Masikio yapo?"
"Yapo!"
"Basi yashikeni, maana leo masikio yana kesi."

Hapo zamani Fisi alikuwa hakimu wa porini. Msiniulize nani alimchagua. Alikuta kiti kitupu akakikalia, akanenepa juu yake. Sheria ya porini ilikuwa fupi. Mtoto akikosa, anarudishwa kwa mama yake akakanywe. Mkubwa akikosa, anapelekwa kwa Fisi akalime mihogo mpaka anyooke. Na mihogo hiyo nani anaila? Haya, mmejibu wenyewe.

Sasa Fisi akaona wanaokosa sana ni watoto, kwa kuwa ni watoto, na wote wanarudi kwa mama zao, na shamba linaota magugu. Akaleta kipimo. Mnakijua, ni kile walichotupimia sisi siku ya kuandikishwa shule. Unapitisha mkono juu ya kichwa, unagusa sikio la upande wa pili. Ukiligusa, wewe mkubwa. Usipoligusa, wewe mtoto.

Akaletwa mtoto wa Sungura, kakanyaga bustani ya watu.
"Nyanyua! Pitisha! Shika!"
Masikio marefu yale, utayakosaje?
"Mkubwa! Jembe lile pale!" Ko! ko! ko! Fisi akagonga meza kwa mfupa.

Akaletwa mtoto wa Tembo, kachafua kisima.
"Nyanyua! Pitisha! Shika!"
Mguu haukufika, lakini mkonga ukafika.
"Mkubwa! Jembe lile pale!" Ko! ko! ko!

Akaletwa mtoto wa Nyoka. Hana mkono, hana sikio. Fisi akakuna kidevu.
"Huyu kavificha makusudi! Mkubwa! Jembe lile pale!" Ko! ko! ko!
Nyoka na jembe, jamani! Alilishikaje, sijui.

Basi nyuma ya ukuta wa shamba la Fisi watoto wakajaa tele. Wanaamka wanalima, wanalala na njaa, wanawaita mama zao kwa sauti ya chini wasije wakasikika. Hapo mimi sicheki, mniwie radhi. Hapo naumia.

Siku moja akaletwa Chechu, mtoto wa Tumbili, hata meno hayajatimia. Kavunja muhindi mmoja shambani kwa Bi Kanga. Mama yake yuko nyuma, kitenge kimelegea, machozi yanamtiririka.
"Mheshimiwa, huyu bado ananyonya!"
Bi Kanga mwenyewe akasema, "Mimi nilitaka aniombe radhi tu, kisha aje anifukuzie ndege. Ndege wengine, siyo mimi."
"Kimya!" Fisi akafoka. Alikuwa ameshaiona ile mikono ya Chechu, akameza mate. Mikono mirefu hivyo, italima mpaka wapi! "Nyanyua! Pitisha! Shika!"

Chechu akanyanyua, akapitisha, akashika sikio, akapitiliza akashika kidevu, akajikuna na kwapa.
"Mkubwa! Jembe lile..."
"Oyeee!" Chechu akaruka juu. "Mama, nimekua! Haya, wadogo zangu, mbona hamniamkii?"
Mtoto wa Swala, aliyekuwa katika umati wa watazamaji, akasema, "Shikamoo."
"Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?"
Umati mzima ukawa hauna mbavu. Chechu akapanda, tii, akakaa pembeni mwa kiti cha hakimu.
"Sogea kidogo, mkubwa mwenzangu. Hivi wewe ulipimwa lini?"
"Mimi?" Fisi akacheka, hi hi hiii! "Mimi wa kupimwa?"
"Ndivyo nilivyowaambia. Maana kuna watu wanasema eti hufiki. Nimewakatalia kabisa."
"Nani kasema sifiki?" Fisi akavimba. "Tazameni!"

Akanyanyua. Akapitisha. Lo! Shingo nene kama kinu, bega limejaa mihogo. Mkono ukakwama utosini. Akavuta, nggg! Akazunguka kulifukuza sikio, nalo sikio likazunguka naye. Nggg! Akaanguka chali, pu!

Hapo mtoto wa Swala, kwa sauti yake nyembamba, akasema, "Mtoto!"

"Kipimo kibovu!" Fisi akapiga kelele.
"Kibovu?" Chechu akauliza kwa upole. "Basi mimi si mkubwa, wala walioko shambani si wakubwa. Fungua geti twende kwa mama zetu. Au ni kizuri?"
Fisi akaiona mihogo yake haina wa kuipalilia. Tumbo likajibu kabla ya kichwa.
"Kizuri! Kizuri kabisa! Hatoki mtu!"
"Mmemsikia?" Chechu akasimama juu ya kiti. "Kipimo kizuri! Basi huyu ni mtoto, na yote aliyohukumu ni michezo ya watoto. Fungueni geti! Na mtoto akikosa, anarudishwa kwa nani?"
"Kwa mama yake!" umati ukaitikia.

Kule nyuma akainuka ajuza mmoja na mkongojo wake. Ni mama yake Fisi, ambaye mwanawe hajaenda kumsalimia tangu akalie kile kiti. Akaja taratibu, kongo, kongo, akamkamata sikio, lilelile lililomshinda, akamvuta.
"Mama, watu wananiona! Mama!"
"Acha wakuone. Utanichotea maji na kunipasulia kuni mpaka unyooke."

Geti likafunguliwa, watoto wakatoka mbio, vumbi tupu! Mama zao wakawakumbatia kwanza, kuwagombeza kukafuata baadaye. Chechu akamwomba Bi Kanga radhi, akamfukuzia ndege mpaka sauti ikakauka. Jioni alikuwa kifuani kwa mama yake ananyonya, mkubwa yule.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama ni tamu, tafuneni. Kama ni chungu, mpelekeeni Fisi.

Mnataka funzo? Shikeni tena masikio. Funzo ni kwamba mkubwa hakosei, hata siku moja. Mkimwona mkubwa amekosa, mpimeni vizuri: huyo bado ni mtoto, mrudisheni kwa mama yake.