Bao la Masikio

Hapo zamani, na zamani yangu haina majini wala wafalme, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mji uitwao Chanjale. Reli iliukata mji huo katikati, ukawa Chanjale ya Juu na Chanjale ya Chini, na pande hizo mbili hazikupatana kwa lolote isipokuwa bao. Kando ya reli palikuwa na stoo ya pamba iliyoachwa. Ndani ya stoo mlikuwa na mikeka, mbao za kuchezea bao, na kigoda kimoja.

Kigoda hicho ndicho kisa chote, basi kishikeni. Aliyekikalia aliitwa Fundi na mji mzima, mpaka na mkewe. Wengine walikaa mkekani. Kigoda hakikuweza kukaliwa na wawili. Na kila mwaka, siku ya kukiwania, ilikuwa lazima kipate mwenyewe kabla jua halijachwa. Jua likichwa kikiwa kitupu, kete zilitiwa mfukoni, mfuko ukafungwa, na mji ukakaa mwaka mzima bila bao. Hiyo ndiyo mila yao. Msiniulize nani aliianza, maana hata wao hawakujua.

Zamoyoni wa Chanjale ya Chini, mshona nguo, alikikalia kigoda hicho miaka sita. Kisha presha ya macho ikamshika. Ikamla jicho la kulia, ikamla la kushoto, na mwaka wa saba akawa haoni hata taa. Kigoda kikaenda kwa Kitwana wa Chanjale ya Juu, muuza mkaa, mtu wa maneno machache na kikohozi kikubwa.

Mtaniambia kwamba asiyeona anaweza kucheza bao kwa vidole. Angeweza, lakini sheria ya Chanjale ilisema: aliyegusa amecheza. Ukitia kidole shimoni, shimo hilo umelichagua, huna kurudi. Zamoyoni angepapasaje mashimo thelathini na mawili ili ajue mna nini? Basi alikaa mwisho wa mkeka, penye viatu, akisikiliza wenzake wanavyogongesha kete. Zamani watu walikuwa wakimwambia, "Shikamoo, Fundi." Sasa walimwambia, "Pole, Zamoyoni." Pole hiyo ilimuuma kuliko giza lenyewe. Dawa alikwisha kata tamaa nazo, na mali hakuitaka. Alitaka kuitwa Fundi tena kabla hajafa, basi.

Zamoyoni alikuwa na mpwa, binti wa dada yake, aitwaye Mashavu, mwenye meza ya kutengeneza redio pale stesheni. Mashavu hakumwambia pole. Alimwambia, "Mjomba, nipe miezi mitatu."

Akachonga ubao wa mninga. Chini ya kila shimo akaweka springi aliyoitoa kwenye kalamu na kipande cha shaba alichokitoa kwenye redio mbovu. Akavunja simu zilizokufa, akavunja wanasesere wanaolia, akavunja zile kadi za sikukuu zinazoimba ukizifungua, akaunganisha nyaya mpaka vidole vikaungua. Kete moja ikiingia shimoni, shimo linatoa sauti ndogo. Kete zikizidi, sauti inakua. Na pembeni mwa kila shimo akaweka kitufe, ili mjomba wake abonyeze na shimo limjibu, bila yeye kuligusa shimo lenyewe. Sheria ikabaki nzima, haina hata mkwaruzo.

Lakini siku ya kwanza mashimo yote yalilia ti, ti, ti, kama vifaranga vya mama mmoja. Zamoyoni akasikiliza, akachanganyikiwa, akausukuma ubao, akaenda kulala na jua bado liko juu.

Hapo akaingia Siwema. Siwema alikuwa mke wa Zamoyoni, na alikuwa na ulimi. Alisema, "Mashavu, umemjengea mume wangu mji wa wageni. Humo anamjua nani?"

Akachukua simu ya Mashavu, akaenda mjini kunasa sauti. Alitembea wiki nne. Bao lina mistari minne, miwili ya huku na miwili ya kule, na Siwema akaigeuza mistari miwili kuwa mitaa ya Chini, na miwili kuwa mitaa ya Juu. Kila shimo akalipa sauti ya mahali pake. Huku akaweka mashine ya kusaga, mkasi wa kinyozi, na kile kipande cha reli kinachogongwa shuleni. Kule akaweka vyura wa kisimani na shoka la bucha likitua kwenye gogo. Alifukuzwa na mbwa, aliulizwa kama ni mpelelezi, alisimama juani akimngojea jogoo mmoja tu awike.

Kisha kila upande wa bao una shimo moja kubwa liitwalo nyumba, ambamo mchezaji huweka akiba yake. Katika nyumba ya Zamoyoni, Siwema alitia mlio wa bawaba ya mlango wao. Katika nyumba ya upande wa pili alitia kikohozi cha Kitwana, alichokinasa alfajiri akiwa amejibanza nyuma ya ua wa mwenyewe. Mwizi wa kikohozi, mmewahi kumsikia?

Mashavu alipozitia sauti hizo ubaoni, Zamoyoni aliitwa. Akabonyeza kitufe cha kwanza, akasikia mashine ya kusaga iko mbali. Akadondosha kete tano humo, na mashine ikaja mpaka mlangoni. Akachukua kete kadhaa, akazitembeza shimo kwa shimo, moja moja, na mji ukampita masikioni kwa utaratibu wake: kinyozi, shule, jogoo, mlango wake mwenyewe. Ilikuwa miaka miwili hajapita njia hiyo bila kushikwa mkono. Machozi yakamtoka, akasema, "Siwema, sasa naona."

Alicheza miezi tisa, mkewe akiwa mpinzani wake. Siku ya kuwania kigoda ilipofika, akaenda stooni na ubao wake, akamwita Kitwana.

Watu walijaa mpaka juu ya magunia. Mzee Njechele, msimamizi wa bao, mtu aliyependa sheria kuliko chakula, aliukagua ubao, akabonyeza kitufe kimoja, akaruka. Akatamka sharti moja: chombo kikikwama, mwenye chombo amekwama. Zamoyoni akakubali. Kitwana akakubali. Alipokisikia kikohozi chake kinatoka ubaoni alitazama huku na huku, kisha akacheka, na watu walisema hawajawahi kumwona akicheka.

Bao likaanza. Jamani, nisaidieni kulisema, maana mimi kila nikifika hapa maneno hunipungukia. Kitwana alipotembeza kete, vyura waliimba, shoka likatua, yeye mwenyewe akakohoa. Zamoyoni alipotembeza zake, kengele ya shule iligongwa na bawaba ikalia. Watu waliacha kutazama ubao. Mmoja akafumba macho, na wa pili akafumba, mpaka stoo nzima ikawa imefumba macho, watu mia na zaidi, wakiusikia mji wao ukichezwa mbele yao. Walikuwa wameishi humo miaka yote, na hawakujua kwamba una sauti nzuri namna ile.

Zamoyoni alikuwa akishinda. Kisha, taratibu, akaanza kukosea.

Mnajua kosa lilikuwa nini? Betri. Mashavu alikuwa amezianika juu ya bati siku tatu, kama tunavyofanya sote, ili zipate nguvu tena. Zilipata nguvu, lakini ni nguvu ya kuazima. Zilipoanza kuchoka, sauti zilififia. Na katika bao lile sauti ikififia maana yake kete zimepungua. Shimo lenye kete sita lilimwambia Zamoyoni lina mbili. Akaamini. Akaacha mashimo yaliyojaa, akacheza matupu, na Kitwana akamla mara tatu mfululizo.

Kitwana alikuwa ameinua mkono ili amle mara ya nne. Akaurudisha. Akasema, "Zamoyoni, masikio yako yanadanganywa. Humo mna kete sita, wewe unacheza kama mna mbili."

Zamoyoni akabonyeza. Kimya. Akabonyeza penye bawaba ya mlango wake. Kimya. Mji wote ulikuwa umezimika, na yeye akawa gizani upya, mara hii mbele ya watu. Mzee Njechele akasimama, akasema sharti ni sharti, chombo kimekwama.

"Mzee Njechele," Kitwana akasema, "mimi sikuja hapa kuishinda betri. Bonyeza, Zamoyoni. Nitasema mimi."

Mzee Njechele akakuna kichwa. Alizipitia sheria zote moyoni, hakuiona iliyosema kwamba chombo kisiwe mtu. Akaketi.

Basi Zamoyoni akawa anabonyeza, na Kitwana anasema. Alisaga kama mashine. Aligonga kengele kwa ulimi. Aliimba kama vyura, na aliimba vibaya, ila hakuna aliyecheka. Kete chache, alinong'ona. Kete nyingi, alipaza. Zamoyoni aliingiwa na shaka, kwa sababu mtu yule yule anayetaka kumnyima kigoda ndiye sasa aliyekuwa masikio yake, na hakuwa na njia ya kumpima. Hawezi kugusa. Hawezi kuuliza wengine, kwani anayenong'ona stooni hutolewa nje.

Ikafika zamu ya mwisho. Zamoyoni alikuwa na njia mbili: aende kisimani ale kete za vyura, au aende kwenye nyumba ya Kitwana. Kama nyumba ile ina kidogo, kuiendea ni kufa. Kama imejaa, kuila ni ushindi. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha nyumba, akabonyeza.

Humo mlikuwa na kete kumi na tatu. Kitwana aliziona. Watu wote, sasa macho wazi, waliziona. Kikohozi kidogo tu cha kusafisha koo, na kigoda kingebaki chake. Nani angemlaumu? Kifua ni chake, kikohozi ni chake.

Kitwana akavuta pumzi, akakohoa kikohozi chake chote. Alikohoa mpaka akashika mbavu, mpaka vumbi la pamba likashuka kutoka darini.

Zamoyoni akainamisha kichwa mbele yake. Kisha akaila nyumba. Akazitembeza kete kumi na tatu, akala tena, akala tena, mpaka mstari wa mbele wa Kitwana ukabaki mtupu, na mstari wa mbele ukiwa mtupu bao limekwisha.

Watu wa Chini wakapiga vigelegele, lakini havikudumu. Zamoyoni alipewa kigoda mkononi, kwa kuwa mshindi ndiye hukishika na ndiye husema nani akalie. Hakukaa. Alisimama nacho, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mashavu alisema, "Mjomba, mimi ndiye niliyekurudisha kwenye mkeka huu. Hakuna aliyeniambia inawezekana. Vidole vyangu vina makovu, vishike. Fundi ni anayeunda, na tangu lini aliyeunda akaitwa msaidizi?" Mtu akamkumbusha betri. Akajibu kwamba hata nyumba nzuri huvuja siku moja, na fundi wake bado ni fundi.

Siwema akasema ubao wa Mashavu ulikuwa vifaranga mpaka yeye alipotembea. Akasema betri zilipokufa, ubao ulikufa, nyaya zilikufa, lakini sauti zake hazikufa, zilihamia mdomoni mwa Kitwana na bao likaendelea. "Na kama mnaona haya kumweka mwanamke kwenye kigoda," akaongeza, "semeni hivyo, msisingizie bao."

Watu wa Juu wakamsemea Kitwana. Wakasema kushinda kwa akili kila mtu hutamani, lakini nani amewahi kumpa mpinzani wake masikio, akajua kabisa atakachokipoteza? Kitwana mwenyewe alisema maneno machache, kama kawaida yake: "Nilikuwa Fundi asubuhi. Sijui kama nimeacha kuwa Fundi kwa sababu nilikohoa."

Wakamgeukia Zamoyoni. Naye hakujifanya mnyenyekevu, na mimi nampenda kwa hilo. Alisema, "Bao nimelicheza mimi. Walinipa sauti, hawakunipa hesabu. Mlifumba macho kwa saa moja mkaona ni ajabu, mimi nimeyafumba karibu miaka mitatu. Na alipokohoa, mimi ndiye niliyeamini. Kumwamini adui ukiwa huoni, hilo nalo si ufundi?"

Alikishika kigoda kwa mikono miwili, akakisikia mbao zake zilivyo laini, na alikitaka, Mungu anajua alivyokitaka. Lakini miguu ilikataa kukunjika. Mzee Njechele alikuwa ameshaushika mfuko wa kete, uzi wa kuufungia uko mkekani, na macho yake yako mlangoni, ambako jua lilikuwa limebakiza upana wa vidole viwili.

Mimi niliyepewa kisa hiki nilipewa mpaka hapo tu, na nimekosana na ndugu zangu wawili kwa sababu yake. Sasa ni chenu. Yuko aliyeunda, yuko aliyetembea, yuko aliyesikia, yuko aliyekohoa. Semeni upesi, jua linachwa: je, nani alistahili kuitwa Fundi?