Pikipiki Iliyozimikia Kona Moja

Soma hii taratibu mpaka mwisho, kisha mrushie yule ndugu yako aliye hodari wa kulaumu. Atajijua mwenyewe.

Palikuwa na mtu mmoja jina lake Osmund Kapinga, dereva wa pikipiki katika kijiji kilicho chini ya mlima. Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu, ina umri mkubwa kuliko ndoa yake, lakini aliipenda kupita maelezo. Aliiosha kila jioni kwa sabuni ya unga. Siku ya Pasaka, padre alipotangaza kubariki vyombo vya moto, Osmund alikuwa wa kwanza kwenye mstari, kavaa koti, mshumaa mkononi.

Kila Alhamisi asubuhi alimpandisha Sista Winfrida, muuguzi wa zahanati, hadi kijiji cha Luhimbi kule juu kabisa, pamoja na kisanduku cha chanjo kilichojaa barafu. Akina mama wa Luhimbi walikuwa wakiwasubiri na watoto wao wachanga. Gari haifiki kule. Ilikuwa pikipiki ile, au hakuna.

Basi, baada ya Pasaka, balaa likaanza.

Alhamisi ya kwanza, walipofika kona kali yenye mawe meupe, pikipiki ikakohoa, ikaishiwa nguvu, ikazimika. Osmund akapiga kiki mpaka jasho likamtoka. Akachomoa plagi, akaifuta, akairudisha. Wapi! Akaisukuma huku na huku. Saa nzima ikapita. Mwisho, kwa kukata tamaa, akafungua tenki kuangalia kama mafuta yamekwisha. Mafuta yalikuwepo. Akafunga. Sista Winfrida akasema, "Kaka, tusali." Wakasali. Akapiga kiki moja, ikawaka!

Safari fupi za hapo kijijini haikusumbua, lakini Alhamisi iliyofuata, kona ile ile. Na iliyofuata, kona ile ile tena. Jamani! Watu wakaanza kunong'ona kwamba pale pana wenyewe, yaani mizimu, na wenyewe hawapendi kelele.

"Lakini pikipiki hii imebarikiwa!" Osmund alilalamika. "Wataigusaje?"

Akaipeleka kwa fundi Kanisius. Kanisius akafungua kabureta, akaisafisha kwa petroli, akapuliza kila tundu, akabadilisha bomba la mafuta. Pale gereji ikanguruma vizuri mno. Alhamisi ikafika, ikazimika kona ile ile. Mara nne Kanisius aliifungua kabureta ile, na mara ya nne Osmund akamtukana mbele za watu.

"Mwizi wewe! Umechomoa vifaa vizuri vya kabureta yangu, umeniwekea takataka!"

Kanisius aliokota spana zake, akaingia ndani. Walikuwa wamesoma darasa moja hao wawili.

Wakati huohuo mambo yaliharibika kule juu. Mara mbili barafu iliyeyuka njiani na chanjo zikarudishwa kutupwa. Akina mama walichoka kungoja, wakaenda shambani. Jumatano moja jioni Sista Winfrida akamwambia Osmund kwa sauti ya chini:

"Kaka, kamati ya zahanati imekaa. Kesho tukichelewa tena, safari ya Luhimbi inafutwa. Akina mama watashuka wenyewe kwa miguu."

Osmund aliijua njia ile. Mwendo wa saa nne kushuka, na kupanda usiseme, na mtoto mgongoni. Wengi wasingeshuka kabisa, naye alilijua hilo pia. Moyo ulimuuma kweli kweli.

Asubuhi alipitia kwa Mama Gaudensia kuchukua unga. Mama huyu aliendesha mashine ya kusaga pale njiapanda, miaka ishirini na saba peke yake na injini yake, na hakuna fundi aliyewahi kuigusa. Alikuwa mweupe kwa unga kutoka kichwani hadi kwenye kandambili. Osmund akamweleza shida yake.

Mama Gaudensia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza.

"Mwanangu, kabla haijawaka, unafanya nini cha mwisho?"

"Tunasali, mama."

"Kabla ya kusali?"

"Nafungua tenki kuangalia mafuta. Nafunga."

"Kila mara?"

Osmund akafikiri. "Kila mara."

"Na siku unayosali bila kufungua tenki?"

"Hiyo... hiyo haijawahi kutokea."

"Mh!" Mama Gaudensia akazima mashine yake, akajikung'uta unga. "Leo twende wote. Sista atakaa katikati, mimi nyuma."

Wakampitia Sista zahanati, wakajibana watatu, kisanduku mapajani mwa Sista, wakaondoka. Walipofika kwenye mikaratusi, nusu ya njia kabla ya kona, Mama Gaudensia akampiga Osmund begani.

"Simama. Fungua tenki, ufunge. Usizime injini."

"Lakini hapa haijazimika, mama!"

"Nani kakuuliza? Fungua, ufunge."

Akafungua, akafunga. Wakaendelea. Kona ya mawe meupe ikatokea mbele. Osmund akauma meno. Sista Winfrida akafumba macho. Pikipiki ikaingia kwenye kona inanguruma, ikatoka upande wa pili inanguruma vilevile.

"Mungu wangu!" Sista alipiga kelele. "Tumepita!"

Mwili mzima ulimsisimka Osmund. Miezi mitatu hajawahi kupita pale bila kusimama. Alitaka kuimba. Lakini kabla hajapata wimbo, karibu na shule, mahali ambapo haijawahi kusumbua hata siku moja, pikipiki ikakohoa, ikaishiwa nguvu, ikazimika.

Wakabaki wanatazamana.

"Haya," akasema Mama Gaudensia, anashuka taratibu. "Wenyewe wa kona wamehamia shuleni? Au walipanda nasi pale kwenye mikaratusi?"

Hakuna aliyecheka. Mama akapiga magoti, akachomoa bomba la mafuta pale linapoingia kwenye kabureta. Petroli ikadondoka tone moja, la pili, la tatu. Ikakoma.

"Tenki lina mafuta?"

"Limejaa, mama! Nimejaza leo asubuhi kama kawaida!"

"Basi fungua kifuniko, polepole, na mtazame hapa."

Osmund akazungusha kifuniko. Fyuuu! Tenki likavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Na papo hapo, kwenye bomba, petroli ikamwagika chururu, ikalowesha vumbi.

Osmund alisimama na kifuniko mkononi, mdomo wazi. Nywele zilimsimama. Kumbe hakuna aliyekuwa amekamata pikipiki yake. Ilikuwa inakosa pumzi.

"Ukitoboa kopo la mafuta ya kula tundu moja tu," Mama Gaudensia aliuliza huku akirudisha bomba, "mafuta yanatoka?"

"Yanakwamakwama. Mpaka utoboe la pili, la kuingiza hewa."

"Basi tenki nalo lina la pili. Nipe hicho kifuniko."

Akakifuta kwa pindo la kanga. Akachomoa pini kwenye nywele zake, akakwangua mahali padogo, padogo mno, kama kichwa cha sindano. Kikatoka kipande cheupe. Akakinusa.

"Nta," alisema. "Nta ya mshumaa. Nani kaziba hapa?"

Osmund akakikodolea macho kile kipande cheupe.

Osmund aliikumbuka Pasaka yote kwa mara moja. Maji ya baraka, mshumaa mkononi, mawingu ya masika juu yao. Alikuwa ametazama kifuniko, akaona kile kitundu, akawaza mvua itaingia kwenye mafuta. Akainamisha mshumaa. Tone moja tu. Tena alijisifu moyoni kwamba hakuna dereva anayeitunza pikipiki yake namna ile.

"Ni mimi, mama," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Nilikuwa nailinda."

Mama Gaudensia hakumcheka. Alimrudishia kifuniko, kitundu kikiwa wazi, akasema kwa upole, "Washa, baba. Watoto wanasubiri."

Kiki moja, ikawaka. Siku hiyo waliingia Luhimbi barafu ikiwa bado imeganda, na akina mama walikuwa bado wamekaa kwenye nyasi. Sista Winfrida alichanja watoto thelathini na wanne. Osmund aliwahesabu wote, mmoja mmoja, na kila mtoto alipolia yeye alitabasamu kama mwendawazimu.

Wakati wa kushuka alisimama kwenye kona ya mawe meupe, akavua kofia.

"Wenyewe, kama mpo," alisema, "samahani. Niliwasingizia."

Sista na Mama Gaudensia walicheka mpaka wakashikana.

Lakini radhi iliyokuwa ngumu zaidi kuomba ilikuwa bado. Osmund alikwenda moja kwa moja gereji, na mbele ya watu walewale waliosikia matusi, akampa fundi Kanisius kifuniko mkononi na kumweleza yote.

Kanisius alikigeuzageuza kifuniko muda mrefu. Akakitazama kitundu kwa jicho moja, juani. Kisha akatikisa kichwa.

"Mara nne nimefungua kabureta ile," alisema. "Na kila mara, jambo la kwanza, nilikuwa navua kifuniko hiki naweka pembeni. Ndiyo maana hapa ilikuwa inanguruma."

Akavuta kigoda kingine, akakifuta vumbi.

"Kaa, Osmund. Chai ipo."

Funzo: Jambo likikushinda kila siku mahali palepale, usikimbilie kumtafuta adui njiani wala kumchafulia mwenzako jina. Kumbuka kwanza ulichokiziba kwa mkono wako mwenyewe, hata kama ulikiziba kwa mapenzi.