Lambo la Mbeleje

Wahenga hawakupayuka waliposema lisemwalo lipo. Neno linalodumu vinywani mwa watu halikosi mzizi, hata kama wenye kalamu hawalitambui. Anayebisha na amuulize Anyesi.

Anyesi, binti wa Kigogo aliyesomea shahada ya pili ya historia jijini Dodoma, alikulia Mkonze akisikia kwamba lambo la kijijini kwao lilichimbwa na wanawake kwa majembe ya mkono, mwaka wa njaa, wakiongozwa na Mbeleje, mama mzazi wa bibi yake aitwaye Priska. Akaiandika habari hiyo katika tasnifu yake. Msimamizi wake, Dakta Ernest, aliisoma akatikisa kichwa.

"Ripoti za mkoloni zinasema lambo alilichimba Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Wewe una maneno ya bibi tu. Ukikosa maandishi ifikapo Ijumaa, sura hii naifuta."

Maneno hayo yalimchoma Anyesi kama mwiba wa mgunga. Kuifuta sura ile kulikuwa sawa na kumwita bibi yake mwongo.

Siku tatu alishinda katika chumba cha nyaraka akipekua majalada ya maji, vumbi likimkaba koo. Bwana Shauri, maskini, hakuchoka kujisifu: nimechimba, nimejenga, nimewaokoa. Wanawake hawakutajwa hata kwa bahati mbaya. Alhamisi mchana Anyesi alifunga jalada la mwisho, machozi yakimlengalenga.

"Mzee, narudisha. Hamna kitu."

Mzee Abdulkadiri, mtunza nyaraka, hakulipokea. "Mwanangu, barua ya serikali haisafiri peke yake. Kuna yoyote humo inayojibu barua usiyoiona?"

Ilikuwapo moja, fupi, kutoka kwa mkuu wa jimbo: "Waache wamalize." Anyesi alikuwa ameipita. Juu yake palikuwa na nambari ya barua iliyokuwa ikijibiwa, nayo haikuwa ya majalada ya maji. Ilikuwa ya jalada la adhabu! Nani angetafuta lambo kwenye adhabu? Mzee alilileta, na ndani yake, kwa sahihi ileile ya Bwana Shauri, palikuwa na malalamiko:

"Wanawake sitini wamegoma kwenda kazi ya barabara. Kiongozi wao, Mbeleje, anasema hawaweki majembe chini mpaka wamalize kuchimba lambo lao. Naomba ruhusa ya kuwaadhibu."

Ijumaa Dakta Ernest aliisoma nakala mara mbili, akavua miwani. "Nilikosea. Sura hii isogeze mbele, iwe ya kwanza."

Kesho yake, huko Mkonze, Anyesi alimsomea bibi yake barua ile kwa Kiswahili. Bibi Priska akataka irudiwe pale penye jina. Kisha akainuka, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

"Njooni msikie! Mzungu alitaka kumwadhibu mama yangu, kumbe anamwandikia ushahidi!"

Anyesi alimtazama bibi yake akicheza uani, kichwa juu, akaona fahari isiyo kifani. Sasa hata mkoloni aliyelificha jambo lile amelikiri kwa mkono wake mwenyewe: lisemwalo lipo.